Kamera Mbili na Furu Mmoja

Neema alinipigia simu saa nne asubuhi nikiwa naanika nguo, na kabla hajamaliza salamu nilishajua. Aliniamkia mara mbili. "Shikamoo mama. Shikamoo," alisema, halafu akaniambia baba yake ametutoka alfajiri, usingizini, bila kumsumbua mtu. Nikasema marahaba, nikasema pole, nikasema nakuja, kisha nikarudi kwenye kamba na kuanika nguo zote mpaka ya mwisho, kwa sababu sikujua kingine cha kufanya kwa mikono yangu. Mzee Bwire hakuwa ndugu yangu. Alikuwa mhifadhi wa samaki katika kituo kidogo cha utafiti pale Mwanza, nami nilifanya kazi naye mwaka mmoja tu, nikiwa na miaka ishirini na moja. Katika mwaka huo alinifundisha kupiga picha ya kitu kidogo kwa karibu, tukagombana kama watoto, na nikamfanyia jambo ambalo sikumwambia mpaka anaingia kaburini. Nimeshaandika mengi kuhusu maisha yangu. Hili nimekuwa nikiliruka. Nilizaliwa wapi na nani alinisomesha nayaacha pembeni. Wanangu wanayajua, na wengine hayatawasaidia kitu.

Chumba chetu kilikuwa cha mwisho kwenye jengo refu la bati lililotazama ziwa. Kilinuka fomalini, dawa ya kuhifadhia samaki, kiasi kwamba mwezi wa kwanza kila nilichokula kilikuwa na ladha ya hospitali. Kuta zote zilikuwa na rafu, rafu zote zilijaa chupa, na ndani ya chupa walikuwa furu, maana kazi ya kituo ilikuwa kuwatambua furu na kuwaorodhesha kabla hawajaisha. Kwa msomaji asiyetoka kwetu, furu ni samaki wadogo, wengi hawazidi kiganja, wa aina nyingi kuliko mtu anavyoweza kukumbuka, na zamani walikuwa kitoweo cha kila nyumba ya pwani ya ziwa. Halafu sangara aliletwa, akakua, akaanza kuwala. Mwaka ninaousimulia jambo hilo tulikuwa tunaliona kwa macho yetu. Nyavu zilizokuwa zikirudi na furu wa kujaza karai zilianza kurudi na sangara mmoja mnene, na furu wenyewe tukawa tunawatoa tumboni mwake. Mimi niliajiriwa kupiga chapa. Lakini mashine haikuwa na utepe, na utepe haukupatikana mji mzima, maana ulikuwa mwaka ambao hata kipande cha sabuni kilikuwa habari ya kupeana kwa kunong'ona. Basi Dokta Kamugisha, mkuu wetu, akanitazama vidole, akasema, "Binti huyu mkono wake hautetemeki. Apelekwe kwa Bwire akasaidie picha."

Bwire alikuwa Mjita, mwembamba, mwenye miaka kama thelathini na minane, ingawa kwangu mimi alikuwa mzee tayari na nilimwita hivyo. Alisema fulu, alisema kamela, na hakuona sababu ya kubadilika kwa ajili ya mtu yeyote. Alikuwa amesoma mpaka darasa la nane la zamani, lakini ungemfumba macho ukampa furu mkononi angekwambia ametoka kwenye matope, kwenye mchanga au kwenye mawe. Kazi yake ya pili ilikuwa picha. Furu hutambulika kwa rangi, na rangi yake ni ya uhai: akifa, dakika chache tu inaondoka, na akishaingia chupani anakuwa wa kijivu kama wenzake wote. Kwa hiyo ilibidi apigwe picha akiwa hai, ndani ya tangi dogo la vioo, amebanwa taratibu kwa kipande cha kioo asigeuke.

Kamera yake ilikuwa nzee, iliachwa na mtu aliyekwisha kuondoka kituoni, ya aina ile unayotazama kupitia kidirisha kidogo kilicho juu ya lenzi. Sisi tuliiita kamera ya kidirisha. Ukipiga mtu aliyesimama kule mbali, kidirisha na lenzi vinaona kitu kimoja. Ukisogea karibu, vinaachana. Jicho lako liko juu, lenzi iko chini, tofauti ni vidole viwili, lakini kwa samaki wa kiganja vidole viwili ni mgongo mzima. Unamwona samaki kamili katikati ya kidirisha, unafyatua, na picha ikisafishwa unakuta umepata tumbo la samaki na mchanga. Dawa ya Mzee Bwire ilikuwa kigogo cha mninga, alichokichonga mwenyewe, unene wa vidole viwili kamili. Alikuwa ameunda stendi ya mbao: upande huu kamera, upande ule tangi limekaa juu ya ubao wa unene huo huo. Unatazama kidirishani mpaka samaki awe katikati. Kisha unachomeka kigogo chini ya kamera, lenzi inapanda mpaka pale lilipokuwa jicho lako. Kisha unafyatua bila kutazama tena. Umbali aliupima kwa uzi wenye fundo, kutoka kwenye lenzi hadi kwenye pua ya samaki, kwa kuwa kamera ile kwa ukaribu huo haikuweza kulenga yenyewe. "Usitazame tena," alinikanya siku ya kwanza. "Ukitazama tena utaona vibaya, utahangaika, utaharibu. Ukishaweka kigogo, amini." Nilimwona mtu wa ajabu. Sasa ninapoinua simu yangu na kugusa ua kwenye kioo, likang'aa bila kipimo wala uzi, huwa namkumbuka na kujisikia kama mtu anayekula chakula kilichotafunwa na mwingine.

Saa saba tulikula. Mkewe, Mama Neema, alileta mwenyewe ugali wa muhogo na samaki wa siku hiyo katika hotpoti, na mimi nilileta michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kutoka kwetu Misungwi, nikaichemsha kwenye jiko la umeme lililokuwa la kazi za maabara. Chai ilikuwa ya rangi, bila sukari, na Mzee Bwire alikoroga kijiko ndani yake vilevile kwa heshima ya sukari iliyokuwapo zamani. Ukuta kati yetu na ofisi ya Dokta ulikuwa wa mbao nyembamba, hivyo tulisikia kila kitu. Ndivyo tulivyosikia Dokta akimwambia mtu kwenye simu kwamba Bwire ni mikono mizuri sana, tatizo ni kwamba anadhani ana jicho. Nilimtazama Mzee Bwire. Alikuwa anatoa mwiba mdomoni, akautoa vizuri, akauweka ukingoni mwa sahani. "Ugali umepoa," alisema.

Kamera ya pili ililetwa na Dokta baada ya mvua za vuli, aliporudi kutoka masomoni. Hiyo ilikuwa na kioo ndani. Ulitazama kupitia lenzi yenyewe: kioo kilirusha picha juu mpaka jichoni mwako, kwa hiyo ulichokiona ndicho ulichokipata, hata ukisogea mpaka magamba yajae uwanja mzima. Ilikuwa na pete za kurefusha lenzi, na ungezungusha kidogo ukaona jicho la furu linatoka kwenye ukungu mpaka unahesabu duara zake. Mara ya kwanza nilipoitazama nilicheka peke yangu. Dokta angempa nani kama si Bwire? Alinipa mimi. Alisema kijana hujifunza haraka. Mzee Bwire alisimama pale pale akifuta mikono kwa kitambaa, muda mrefu kuliko mikono ilivyohitaji.

Tulibishana majuma mazima, na mwanzoni ubishi ulikuwa mtamu.

"Hiyo yako inafumba jicho," alisema.

"Inafumba wapi, Mzee?"

"Pale pale unapofyatua. Kioo kinaruka juu, wewe unaona giza. Samaki akipiga mkia wakati ule, utajuaje? Kamela yangu naona mpaka mwisho."

"Unaona dirishani, Mzee. Lenzi inaona mambo mengine."

"Ndiyo maana kuna kigogo."

"Kamera inayohitaji gogo la mti ili ione vizuri, mimi siitaki. Siku utakayoniona nachomeka hicho kigogo chako, ujue nimechanganyikiwa."

Alikuwa na haki kwa sehemu. Chumba chetu kilipata mwanga wa dirisha tu, na ukishaweka zile pete, kamera ya kioo ilikuwa na kiza. Wakati wa mawingu nilihangaika kuona kitu, na yeye kidirisha chake kilibaki cheupe vilevile. Lakini mimi nilikuwa na miaka ishirini na moja na kitu kipya shingoni, na haki ya mtu mwingine haikuninyima usingizi. Siku moja nilimwomba akae nimjaribie kamera yake. Alifurahi, akachana nywele. Nilimsogelea, nikauweka uso wake vizuri kidirishani, na kigogo nikakiacha mezani makusudi. Picha ilipotoka ilianzia machoni: hakuna paji la uso, hakuna kichwa, ila macho yameng'ang'ania ukingo wa juu, pua, masharubu na kola ya shati. Niliibandika kwenye mlango wa chumba cha chai na kuandika chini yake: Mzee Bwire, kama kamera yake inavyomwona. Dokta alicheka mpaka akashika mlango. Mgeni wake, mtaalamu wa samaki kutoka ng'ambo aliyekuwa amekuja kwa miezi miwili, naye alicheka alipofafanuliwa. Mzee Bwire aliibandua, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni, akarudi kwenye chupa zake. Tangu siku hiyo hakunisemesha. Akitaka mkasi nilio nao, alisema kwa hewa kwamba mkasi hauonekani. Mimi nami nikanuna, maana mkosaji mwenye miaka ishirini na moja hununa kuliko aliyekosewa.

Ikawa katika siku hizo za kununiana ndipo alipompata furu wake. Alikuwa na mazoea ya kwenda alfajiri kwenye mawe ya ufukweni upande wa Ilemela, mahali ambapo mtumbwi hauwezi kupita, na kutega kimtego cha waya kwenye nyufa. Mara tatu kabla ya hapo alikuwa amemwambia Dokta kwamba mle kwenye nyufa yumo furu ambaye hayupo kwenye orodha. Mgongo wake ni wa kijivu kama wa furu yeyote wa mawe, lakini kuanzia chini ya jicho mpaka tumboni ana wekundu wa pilipili iliyoiva. Mara tatu samaki alifia njiani, akafika wa kijivu mtupu. Tulisikia sote jibu la Dokta, mimi upande wangu wa ukuta na yeye akiwa amesimama mbele yake. "Bwire, furu wa kijivu tunao chupa nzima. Ukisema rangi, nionyeshe rangi. Ukinionyesha, namwandika, na naandika kwamba ni wewe uliyemjua." Dokta hakuwa mtu mbaya. Ndivyo kazi ile ilivyotaka. Lakini najua Mzee Bwire alitaka nini kuliko kitu chochote mwaka ule. Alitaka iandikwe mahali kwamba ana jicho.

Siku ya Ijumaa aliingia na ndoo, suruali imelowa mpaka mapajani, na ndani ya ndoo furu alikuwa hai. Nilisahau kununa, nikainama. Wekundu ule siwezi kuueleza vizuri zaidi ya alivyoueleza yeye. Dokta na mgeni walikuwa wamekwenda Magu tangu asubuhi na wangerudi jioni. Mgeni alikuwa anaondoka kesho yake kwa ndege na ndiye ambaye angechukua filamu ya rangi akaisafishe kwao, maana hapa petu haikusafishika. Filamu ya rangi ilikuwa moja tu kituoni, na Mzee Bwire alikuwa ameshaitia kwenye kamera ya kidirisha. Kwenye ile ya kioo kulikuwa na filamu nyeusi na nyeupe. Samaki alikuwa anahema kwa shida. Mzee Bwire ilibidi azamishe mikono yake ndani ya tangi ambane samaki, hivyo kamera yake, mbele ya samaki wake, ilibidi niishike mimi. Alinitazama. Nilidhani atasema neno, hata neno la kazi tu. Alizamisha mikono majini.

Nilipima kwa uzi. Nilitazama kidirishani, nikamweka samaki katikati, nikafunga skrubu ya stendi. Kisha nilikumbuka nilivyojiapiza mbele yake kuhusu kigogo. Nilijua kigogo ni lazima, sikuwa mjinga. Ila sikutaka anione nakichomeka. Nikajifanya nageuka nisome namba za mwanga, nikamkinga kwa bega, nikakisukuma kigogo chini ya kamera kwa kidole gumba, na kiganja changu kikakifunika muda wote. Nilifyatua. Nikabadilisha mwanga, nikafyatua tena, na tena, bila kutazama, kama alivyonifundisha, mpaka filamu ikaisha. Halafu nikachukua kamera yangu ya kioo nikapiga sita za nyeusi na nyeupe kwa kuishika mkononi, nikitazama moja kwa moja, na nilipomaliza ya sita wekundu ulikuwa umeanza kuondoka tumboni mwa samaki. Mzee Bwire aliitoa mikono yake majini. "Basi," alisema, na hilo ndilo neno la kwanza aliloniambia baada ya majuma matatu. Nilifurahi kupita kiasi. Nilikunywa chai yangu, nikaenda nyumbani mapema, nikamwachia kufungua stendi na kusafisha.

Picha sita za nyeusi na nyeupe nilizisafisha Jumatatu katika chumba chetu cha giza. Zilikuwa kali, samaki kamili kuanzia pua mpaka mkia, kila gamba mahali pake, na zote za kijivu. Dokta alizitazama akasema kazi nzuri sana, Kabula, huyu ni yule yule tunaye. Mzee Bwire alisema tusubiri za rangi. Tulisubiri miezi mitano. Kuongea tulikuwa tumerudia, pole pole, kwanza mambo ya mkasi, kisha mambo ya mwanga, kisha akaanza tena kunikanya kuhusu chai ya moto karibu na filamu. Kila alfajiri alikuwa kwenye mawe. Nilidhani amelewa na ushindi kabla haujafika na anataka kuongeza wa pili na wa tatu. Nilimtania. "Mzee, huyo mmoja hakutoshi?" Alisema mmoja ni mpweke. Aliingia na vidole vimechubuka kwa waya, akaning'iniza kimtego kwenye msumari, kikiwa kitupu au kikiwa na gogogo mmoja, samaki wa ndevu, aliyepotea njia. Sangara walikuwa wamefika mpaka kwenye mawe. Kufikia mwezi wa nne hata furu wa kijivu wa kawaida alikuwa kitu cha kuitana kuja kutazama.

Kiboksi cha slaidi za filamu yetu ya rangi kililetwa na mtu aliyetoka Dar. Dokta alikifungua mezani kwake, akainua ya kwanza kwenye mwanga wa dirisha, akainua ya pili. Kisha akanipa. Nimeishi na picha ile muda wote huu. Juu yalikuwa maji matupu, masafi, yenye mwanga mzuri sana. Chini kabisa, ukingoni, ulikuwa mgongo wa samaki, pezi limesimama kwa madoido, mgongo wa kijivu usio na tofauti na wa furu mwingine yeyote, na hapo picha ikakatika. Jicho halikuwamo. Tumbo halikuwamo. Zote zilikuwa hivyo, migongo mitupu, boksi zima. "Kamera ya Bwire," Dokta alisema, bila ubaya, akitikisa kichwa. Mimi nilikuwa nimeshaanza kukokotoa. Kidirisha peke yake bila kigogo kingekata juu. Hii ilikatwa chini. Mtu alikuwa ameisahihisha mara mbili.

Mzee Bwire aliitwa. Alitazama slaidi moja tu, akairudisha ndani ya kiboksi, na nyingine hakuigusa. "Ni mimi, Dokta," alisema. "Binti alikuwa ameapa hatumii kigogo. Nikasema akikisahau tutapoteza. Basi alipogeuka kusoma mwanga mimi nikatoa mkono mmoja majini nikauvuta ubao chini ya tangi, samaki ashuke vidole viwili, mambo yawe sawa bila kumsumbua. Labda niliuvuta sana. Kosa ni langu." Dokta alimtazama kwa huruma, akafunika kiboksi. Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Neno lilikuwa fupi: na mimi nilikiweka. Nilitazama sakafu. Nilijiambia kwamba nilifuata utaratibu, kwamba kigogo kilikuwa sahihi na ubao ndio uliokosea, na hayo yote yalikuwa kweli, na bado nilikuwa nimekificha kigogo kwa kiganja changu ili mtu mmoja asione kwamba nilikuwa nimekubaliana naye. Tulipotoka nje alisema, "Twende tukanywe chai." Furu wake aliandikwa pamoja na wale wa kijivu. Mwezi uliofuata mimi nilipata nafasi ya chuo, nikaondoka.

Nimekuwa mpiga picha maisha yangu yote. Nimepiga mbegu za pamba, macho ya wagonjwa, pete za maharusi, wadudu wa mpunga, yote kwa kamera ya kioo, kisha kwa hizi za sasa, na watu wamenisifia mkono. Kila nilipofika Mwanza nilipita kwake na sukari. Tulizungumza kila kitu, na mimi kila safari niliondoka nikiwa na neno langu lile lile mdomoni. Nilimpenda yule mzee. Labda ndiyo sababu ilikuwa vigumu.

Siku ya mazishi, baada ya wanaume kurudi kutoka makaburini, niliingia jikoni kwa nyuma, ambako Mama Neema, aliyekataa kukaa kwenye mkeka wa wafiwa, alikuwa anachambua mchele pamoja na wanawake wengine watatu. Nilimwamkia, nikakaa karibu yake. Nilikuwa nimeamua kwamba kama sikumwambia mume nitamwambia mke.

"Mama Neema, ile filamu ya furu mwekundu. Mimi niliweka kigogo nikakificha. Mzee alibeba lawama peke yake, nami nilikuwa nimesimama pale."

Hakuinua macho. "Anajua," alisema, akimzungumzia kama yuko chumba cha pili.

"Anajua nini?"

"Siku ile ile. Ulipokwenda nyumbani alifungua stendi, akakuta kigogo chako kipo na ubao wake haupo. Alirudi hapa hakula. Akaniambia, tumesahihisha wote wawili, Mama Neema, hakuna kitu mle ndani."

Niliuliza kwa nini hakuniambia, miezi mitano yote ile.

"Samaki alikuwa ameshakufa. Angekuambia ili iwe nini? Alisema yule binti ana mkono, akijua ataiogopa kamela." Alilitamka neno kama mumewe. "Akasema, nikimpata mwingine kabla filamu haijarudi, tutampiga upya, na yeye hatajua kwamba kulikuwa na kosa."

Wale wanawake wengine walikuwa wameacha kuchambua. Nilizikumbuka zile alfajiri, vidole vilivyochubuka, kimtego kitupu kwenye msumari, na mimi nikimtania. Nikauliza aliacha lini kwenda kule kwenye mawe.

"Nani kakwambia aliacha? Mwaka huu miguu ndiyo ilimkatalia."

Nililia mbele ya wanawake wa watu, kwa sauti, na sikuona haya. Miaka yote hiyo nilidhani ni mimi niliyekuwa ninamficha kitu.